Mjini nako watu wanalala: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya katikati ya Dar es Salaam

Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, waheshimiwa madiwani wa Mchafukoge, Kisutu, Kivukoni, Upanga, Gerezani na Kariakoo, na ninyi nyote mnaosimamia majumba ya umma na vibali vya ujenzi.

YAH: WAKAZI WA KATIKATI YA JIJI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mimi ni mpangaji katika ghorofa la zamani kata ya Mchafukoge, upande ambao makonda hawautaji kwa jina lake. Wao wakishasema "Posta" au "Kariakoo" wamemaliza, na sisi wa katikati tunajua wenyewe pa kushukia. Mipango yenu ya eneo hili inahesabu maduka, ofisi, maegesho na mabasi. Wanaolala hapa haiwahesabu. Kwa hiyo jengo la zamani likibomolewa linaondoka na wakazi wake wote, na linaloinuka mahali pake halirudishi hata mmoja. Naomba kuanzia sasa jengo la umma lisibomolewe kabla waliomo hawajaorodheshwa, na lisijengwe jipya bila ghorofa za kuishi ndani yake, waliokuwemo wakiwa wa kwanza kupewa.

Naomba mnivumilie nieleze hao wakazi ni akina nani, maana naona picha mliyonayo ni ya zamani.

Ukimwambia mtu wa Mbagala kwamba unakaa mjini, swali la kwanza ni "Uhindini?" Na jina hilo lina chanzo chake. Wajerumani walipofanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891 walitoa kanuni za ujenzi, na Waingereza waliowafuata wakaukata mji vipande vitatu: Mzungu upande wa bahari, Mhindi na duka lake katikati, Mwafrika Kariakoo na kwingineko. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa mtupu makusudi ili watu wa huku wasigusane na watu wa kule. Leo tunachezea mpira na kuhutubia mahali palipotengwa kwa ajili ya kututenga.

Lakini hata hao walioitwa kwa jina moja hawakuwa watu wamoja. Waismailia walikuwa na Jamatkhana yao, Waithnaasheri na Wabohora misikiti yao, Wahindu mahekalu yao Kisutu. Wagoa walisali Mtakatifu Yosefu, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1897. Walikuwepo pia Washihiri kutoka Hadhramaut na kahawa zao, Wabulushi, Wangazija, na Waswahili wenyeji ambao mji huu uliwakuta hapa kabla Sultani Majid hajafikiria kujenga kitu. Sewa Haji, yule tajiri wa Bagamoyo ambaye jina lake bado liko kwenye wodi za Muhimbili, alitoa fedha za hospitali ya watu wote, si ya kabila lake. Mji huu una mizizi ya namna hiyo tangu mwanzo, ingawa kanuni zake zilitaka kitu kingine.

Kisha ikaja Aprili 1971. Sheria ya kutaifisha majumba ilisema nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 inakuwa mali ya umma, na funguo zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee mpaka leo wanasema "nyumba ya Msajili" kana kwamba ofisi ile haijawahi kufungwa. Sitaitetea sheria ile. Iliumiza familia nyingi, na wengi walifungasha wakaenda Kanada na Uingereza wakiacha nyumba walizojenga kwa jasho la vizazi viwili. Ila matokeo yake mengine yanatuhusu. Nyumba ziliposhikwa na umma, karani wa wizara alipata mlango kando ya mlango wa sonara, na mwalimu akapanga juu ya duka la vitambaa. Tangu kanuni za mwaka 1891 hakuna mpango wa mji uliowahi kuwachanganya watu wa Dar es Salaam kiasi hicho, na mchanganyiko huu ulitokea bila mtu kuukusudia.

Njooni muone ngazi yetu. Ni ya terazo, imelika katikati kwa miguu ya miaka themanini, na mwaka wa kujengwa umechongwa juu kabisa kwenye ukuta wa mbele, chini ya bendera za nguo zinazoanikwa. Mita za LUKU ziko chini ya ngazi, chache kuliko milango, kwa hiyo kila umeme ukikata kuna mkutano mdogo wa kujua zamu ya kununua ni ya nani. Ghorofa ya kwanza anaishi bibi wa Kibohora ambaye watoto wake wote wako Toronto. Yeye amekataa kwenda, anasema kule baridi na hakuna mtu wa kugombana naye kwa Kiswahili. Mkabala naye ni mhasibu mstaafu wa wizara aliyeingia enzi za Msajili, Mnyakyusa, na wajukuu wake wanakula chapati za yule bibi kila Jumapili. Juu yao kuna vijana wa Kikinga wanaofanya biashara Kariakoo, watatu au watano, inategemea mzigo umefika au haujafika. Mimi niko hapo hapo. Paani, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya mtumishi wa nyumbani wa enzi zile, anaishi mlinzi na mkewe, na yule mama ndiye anayekaanga mihogo tunayokula jioni yote. Kwenye baraza chini yupo fundi cherehani ambaye hana mkataba na mtu, ila hakuna anayekumbuka baraza lile bila yeye.

Hao ndio wakazi. Karani wa sensa alitupata mwaka 2022, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na tumo ndani ya wale watu 5,383,728 wa mkoa huu. Sensa yetu haiulizi kabila wala dini tangu ile ya mwaka 1967, na mimi naona ni vizuri ibaki hivyo. Lakini yapo mambo ambayo si ya kabila na bado hatuyajui kuhusu ngazi zetu: nani mpangaji halali, nani amepangishwa na mpangaji, nani ana miaka arobaini humo, nani anafanya kazi kwa kutembea kwa miguu, mtoto yupi anasoma shule ya jirani. Mradi unapokuja, kinachoulizwa ni jina lililo kwenye mkataba. Jina hilo mara nyingine ni la mtu aliyefariki.

Sensa ina tabia nyingine inayotuponza bila kosa lake. Inamhesabu mtu alipolala. Mchana mji huu unapokea umati ambao hakuna aliyewahi kuuhesabu: watumishi, madalali, mama lishe wanaotoka Feri na ndoo za samaki, wanafunzi wa vyuo vya IFM, CBE na DIT, watoto wa shule za msingi za Bunge na Olympio wanaoamshwa saa kumi alfajiri kule Gongo la Mboto, na wenye kesi mahakama ya Kisutu na ndugu zao. Wingi huo wa mchana ndio mnaoutumia kuhalalisha maegesho, na uchache wetu wa usiku ndio mnaoutumia kusema mjini hakai mtu.

Tazameni ghorofa jipya lolote lililopanda miaka ya karibuni kuanzia Mnara wa Saa mpaka Mtaa wa Mkwepu. Chini kuna ukuta wa vioo na geti. Juu yake ghorofa tatu au nne za magari, na ndipo ofisi zinaanza. Jengo la zamani lilikuwa na baraza linaloungana na la jirani, ukatembea kutoka mtaa hadi mtaa bila kupigwa jua wala mvua, na kwenye baraza hilo wakakaa fundi saa, muuza tambuu, mzee wa magazeti. Jengo jipya linafika mpaka kwenye mfereji, na mwenye miguu anasukumwa barabarani akagombane na bodaboda. Gari, ambalo jioni linaondoka kwenda Mbezi, limejengewa vyumba kwenye ardhi ghali kuliko zote nchini, na mwanadamu wa kulala hapo hana hata chumba kimoja! Sijui ni mpangaji gani wa miji aliyekaa akaona hiyo ni hesabu nzuri.

Najua jibu mtakalonipa. Ardhi ya mjini ni ghali, na makazi hayalipi kama fremu za maduka. Kweli, fremu inalipa. Fremu moja ya Kariakoo watu wanailipia kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi, cha kutosha kujenga nyumba Chanika, na kodi bado iko palepale. Lakini ardhi ya nyumba za Msajili hamkuinunua sokoni. Ilitwaliwa kwa jina la wananchi, na wananchi walioambiwa ni kwa ajili yao ndio hao wanaopewa notisi. Sera ya ubia ya Shirika la Nyumba iliyozinduliwa mwaka 2022 inamwalika mwekezaji alete fedha naye Shirika lilete kiwanja. Sina ugomvi nayo. Majengo mengi yamechoka, mabomba yamepasuka ndani ya kuta, na hakuna bajeti itakayoyakarabati yote. Ninachosema ni kwamba katika meza hiyo kuna mwenye fedha na mwenye kiwanja, na mtu wa tatu ambaye amekaa juu ya kiwanja hicho miaka yote hana kiti.

Mkimpa kiti, mambo yanawezekana. Fremu za chini na ghorofa ya kwanza zinaweza kubeba gharama za ghorofa mbili tatu za makazi ya juu. Wajenzi binafsi wa Kariakoo wamefanya hesabu ya aina hiyo kwa miaka mingi bila kufundishwa. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu mwaka 2008, kwa hiyo mpangaji wa miaka thelathini anaweza hata kuuziwa chumba chake kidogo kidogo badala ya kupewa miezi michache ahame.

Nisiwafiche upande wetu nao. Wapo wapangaji wanaolipa kodi ndogo ya umma wakapangisha kwa kodi ya soko, wao wenyewe wakiishi Tabata. Wapo waliouza kilemba cha nyumba ambayo si yao. Baya zaidi ni stoo. Chumba cha kulala kinageuzwa ghala la vitenge au viatu, kwa sababu mzigo haulalamiki maji yakikatika wala haupeleki mtu serikali ya mtaa. Katika ghorofa za Kariakoo na za upande wetu wa Mchafukoge ngazi zimejaa mabunda, na siku moto utakapowaka wa juu hawatakuwa na pa kupita. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021 usiku, wakati hamna watu ndani. Tulishukuru Mungu kwa hilo. Ghorofa la mabunda lenye bibi wa miaka themanini juu yake halitatupa bahati hiyo. Wakaguzi wenu wakija watakuta jambo hili bila kutafuta, na sisi tunaoishi humo tutawaonyesha milango.

Na mkishaanza kukagua, msiishie kwenye stoo. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, watu wakakaa siku kadhaa chini ya zege wakipiga simu. Kila mara tunaunda kamati. Mimi si mhandisi, ila nimeona jirani anachimbiwa shimo la ghorofa za chini usiku, taa zimezimwa, na ukuta wa nyumba yenye watu unabaki unaning'inia pembeni ya shimo. Mwenye kibali cha kuchimba alipewa kibali kana kwamba pembeni yake kuna stoo tupu. Mkaguzi angekuwa na orodha ya waliolala nyuma ya ukuta ule, angalau angejua wa kuwagongea mlango.

Sasa naomba tutembee kidogo usiku. Saa mbili, ukiwa Mtaa wa Samora karibu na Sanamu ya Askari, unasikia viatu vyako mwenyewe. Maduka yamefungwa, walinzi wameketi kwenye maboksi, na dada aliyechelewa kazini anatembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni kuna giza. Endelea mpaka Kivukoni, ni hivyo hivyo. Geuka sasa upande wa Kisutu na mitaa ya misikiti. Watu wamekaa vitini nje, watoto wanacheza kriketi ya mpira wa tenisi kati ya magari yaliyoegeshwa, mishkaki inapepewa, kahawa chungu inapita na kashata, wazee wanabishana kuhusu Simba na Yanga kwa Kiswahili chenye Kikachi ndani yake. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka huku mpaka kule. Hakuna askari wa ziada Kisutu, wala taa bora. Kuna watu waliokwisha kula, wakashuka chini kupunga upepo, na mwizi hapendi mtaa wenye wazee ishirini wasio na haraka. Kariakoo mmetangaza biashara ya saa 24, jambo jema. Lakini biashara ya usiku inahitaji mtu anayeweza kwenda kulala hapo jirani ikishafika saa tisa, na mtu huyo ndiye mnayemhamishia Kigamboni.

Hapo ndipo naona nafasi ambayo ni yenu peke yenu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973, na tangu 2016 wizara zimekwenda kweli. Kule Kivukoni na kando ya barabara za Luthuli na Shaaban Robert zimebaki ofisi ambazo zamani zilikuwa na foleni ya watu wenye mafaili na sasa zina watu wachache. Msikimbilie kuzigeuza hoteli. IFM iko palepale, CBE na DIT ni mwendo wa kutembea, na wanafunzi wao wanapanga vyumba vya mbali wakamaliza fedha za mkopo kwenye nauli. Wauguzi wa Ocean Road na Muhimbili wanaotoka zamu usiku wanatafuta usafiri wakati mabasi yamepungua. Chukueni jengo moja tu, kwa majaribio, liwe hosteli na nyumba za watumishi wa zamu, fremu za chini mkodishe kwa mama lishe na wachapishaji wa karatasi. Majengo ya Wajerumani msiyaguse kwa nyundo. Yanakarabatika, na Boma la zamani la enzi za Sultani Majid, lililo la kale kuliko hayo, ni ushahidi. Mwaka mmoja utatosha kuonyesha kama Kivukoni inaweza kuwa na taa madirishani.

Kuhusu mimi na wenzangu wa nyumba ya Msajili, tunaomba kwa uwazi. Kabla ya mkataba wowote wa ubia kusainiwa, afisa aje na daftari, mchana na usiku, aandike kila mlango: anayelala, tangu lini, anafanya nini, pamoja na fundi wa barazani na mama wa mihogo paani. Orodha ibandikwe chini ya ngazi wiki mbili watu waipinge au waikubali, kama tunavyofanya na daftari la wapiga kura. Wanaopangisha nyumba za umma kwa faida yao waondolewe kwenye orodha, na hakuna mpangaji mwaminifu atakayewalilia. Waliobaki wapewe barua ya kurudi yenye kodi iliyotajwa na ghorofa iliyotajwa, siyo ahadi ya mdomo ya kikaoni. Na kibali cha ujenzi kisitolewe kwa mchoro wenye ghorofa za magari zinazozidi za watu, wala kwa jengo lisilo na baraza mbele.

Waheshimiwa madiwani, hili la mwisho mnaweza kulitungia sheria ndogo bila kusubiri Dodoma. Kikao chenu cha robo mwaka ni cha wazi. Tutakuja, na bibi wa ghorofa ya kwanza ameshaniuliza kama ukumbi wenu una ngazi nyingi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, Mchafukoge.

Nakala: Watendaji wa kata zote zilizotajwa, wenyeviti wa serikali za mitaa, ubao wa matangazo chini ya ngazi.